Kupima Mwanga Koni: Kipimamwanga katika Kamera za Kwanza za Kidijitali na Sura ya Mfanyakazi wa Katanga

Utangulizi

Picha ni miongoni mwa nyaraka zinazotegemewa sana na wanahistoria wa Katanga. Tangu kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilipoundwa mwaka 1906, migodi, viwanda na wafanyakazi wa jimbo hilo wamepigwa picha kwa wingi. Aghalabu tunasoma yaliyomo ndani ya picha hizo bila kuuliza mwanga wenyewe ulipimwaje. Makala haya yanalichunguza suala hilo kwa kuzitazama kamera za kidijitali walizotumia wapigapicha wa kulipwa katika miaka ya 1990. Hoja yetu ni kwamba kipimamwanga si shahidi asiye na upande. Kinatoa hukumu kwa kufuata kadirio lililowekwa kiwandani. Kadirio hilo lilipohama kutoka kwenye filamu na kuingia kwenye kihisi cha elektroniki, gharama ya kukosea iliongezeka, hasa kwa nyuso nyeusi.

Mfano wa Koni

Koni ni kituo cha umeme wa maji katika mto Lufira, chini ya kile cha Mwadingusha kilichoanza kazi mwaka 1930. Koni ilifuata mwaka 1950, ili kuongeza umeme uliohitajika na viwanda vya shaba vya Likasi, mji ulioitwa Jadotville wakati wa ukoloni. Na tuchukue mfano wa mpigapicha anayetaka kumpiga picha fundi aliyesimama hapo, nyuma yake maji yakitoka povu jeupe chini ya jua la kiangazi.

Kipimamwanga cha kamera hakijui povu wala fundi. Kinapokea mwanga unaorudi kutoka kwa vyote viwili, kisha kinachukulia kwamba wastani wake ni rangi ya kijivu, mithili ya kadi ya wapigapicha inayorudisha asilimia 18 ya mwanga. Kwa kuwa povu ni jeupe mno, kipimo huamuru mwanga upunguzwe. Matokeo yake ni povu la kijivu na uso uliozama gizani. Mpigapicha mzoefu aliijua dawa yake: kuongeza mwanga maradufu, au kuusogelea uso na kuupima peke yake. Negativu ilimvumilia, kwani hata ilipozidishiwa mwanga ilihifadhi alama za povu, na fundi wa chumba cha giza aliweza kuzitoa wakati wa kusafisha.

Kamera mpya, kipimo cha zamani

Mwaka 1991 kampuni ya Kodak ilitoa DCS, kamera ya kwanza ya kidijitali kuuzwa kwa wapigapicha wa kulipwa, kwa takriban dola 20,000 za Marekani. Kihisi chake kilikuwa na pikseli milioni 1.3. Mwili wake, pamoja na kipimamwanga, ulikuwa wa Nikon F3, kamera ya filamu ya mwaka 1980. Kipimo cha F3 kilitoa asilimia 80 ya uzito kwa duara la katikati lenye kipenyo cha milimita 12, na asilimia 20 kwa sehemu iliyobaki.

Hapa pana jambo linalostahili kuzingatiwa. Duara lile lilikuwa sawa na asilimia 13 tu ya fremu ya filamu ya milimita 24 kwa 36. Kihisi cha DCS kilikuwa cha milimita 16.4 kwa 20.5, kwa hiyo duara lilelile sasa lilichukua theluthi moja ya picha. Isitoshe, mwanga wa anga au wa povu lililokuwa nje ya picha uliweza bado kuchangia katika kipimo. Jicho na kipimo havikuwa tena vikitazama eneo moja.

Jambo la pili ni kihisi chenyewe. Kila pikseli ni kama ndoo: ikijaa, maji ya ziada humwagika wala hayarudi. Povu lililozidishiwa mwanga halikubakiza chochote ila weupe mtupu. Kwa sababu hiyo wapigapicha walilazimika kupima kama waliotumia filamu ya slaidi, yaani kulinda sehemu nyeupe kwanza. Lakini kulilinda povu ni kuuacha uso wa fundi kivulini, na kivuli cha vihisi vile, kilipoangazwa baadaye kwa kompyuta, kilijaa chengachenga. Mpigapicha alitakiwa kuchagua kati ya maji na mtu.

Tena alichagua akiwa karibu kipofu. DCS ya 1991 ilikuwa na sanduku la kuning'iniza begani, lenye kioo kidogo kisichoonyesha rangi. DCS 420 ya mwaka 1994 haikuwa na kioo cha kutazamia picha hata kidogo. Kosa lilionekana baada ya kufika kwenye kompyuta, fundi akiwa amekwishaondoka.

Suluhisho na mipaka yake

Nikon FA ya mwaka 1983 ilikuwa imekwisha kuigawa fremu katika sehemu tano na kuzilinganisha. F5 ya mwaka 1996 ilipima kwa kihisi maalumu cha pikseli 1,005 kilichotambua hata rangi, na kipimo hicho kilirithiwa na kamera ya kidijitali Nikon D1 ya mwaka 1999. Vioo vya nyuma ya kamera vilimwezesha mpigapicha kuyaona makosa yake papo hapo. Hayo yalikuwa maendeleo ya kweli. Hata hivyo, kulinganisha mandhari na mifano iliyowekwa kiwandani si sawa na kujua ni nani muhimu ndani ya picha. Ikumbukwe pia kwamba kwa miongo kadhaa maabara zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mweupe. Uso mweusi haukuwa kipimo cha kawaida.

Hitimisho

Kiswahili kinatusaidia kuiona tofauti hii. Kupima ni kutafuta kiasi, lakini pia ni kutafakari, kama tunaposema mtu apime maneno yake kabla ya kuyatamka. Kamera zile zilipima kwa maana ya kwanza tu. Maana ya pili ilibaki kwa binadamu.

Suala hili linagusa kumbukumbu ya Katanga moja kwa moja. Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, katika mfululizo wake uitwao Mémoire wa mwaka 2006, aliwapachika wafanyakazi kutoka picha za kale juu ya picha zake za viwanda vilivyochakaa vya Gécamines. Kazi hiyo yawezekana tu pale ambapo nyuso zilisalia. Kwa hiyo wahifadhi wa nyaraka watunze faili asilia za kamera, si nakala zilizochapishwa tu, maana ndani yake huenda uso ungali unapatikana. Nao wasomaji wa picha, wanapomkuta mfanyakazi asiye na sura kando ya mtambo unaong'aa, waulize kwanza ni kipi kilichopimwa. Giza lile aghalabu si la mtu; ni la kipimo.