Forodhani: Pwani ya Ushuru, Pwani ya Upepo

Majina ya mahali hukumbuka yale ambayo wenyeji wameshayasahau. Forodha ni mahali pa kutozea ushuru, na kwa muda mrefu ufuko huu wa Unguja, ulio mbele ya Ngome Kongwe, haukuwa wa matembezi. Hapa palishushwa pembe na karafuu. Hapa pia, kwa uchungu usiosahaulika, binadamu walihesabiwa vichwa na kulipiwa kodi kama mizigo.

Mwaka 1883 Sayyid Barghash alisimamisha Beit al-Ajaib, na pwani ya mizigo ikawa pwani ya fahari. Fahari hiyo haikudumu. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliipiga mizinga, na kabla ya saa moja kutimia kasri la jirani lilikuwa kifusi. Kisha ikaja reli ya Bububu, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1905. Shughuli za bandari zilipohamia Malindi, ndipo penye moshi na makuli pakapandwa miti. Bustani ilifunguliwa mwaka 1936, kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sayyid Khalifa bin Harub. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jina la jubilei lilififia. La forodha likabaki.

Hivyo mtembeaji ndiye mgeni wa mwisho kukaribishwa ufukoni hapa, baada ya mfanyabiashara, mfalme na mpiga mizinga. Mwaka 2009 bustani ilifunguliwa upya, baada ya kukarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni. Katika muongo uliofuata ukuta wa bahari wa Mizingani ulijengwa upya, na pembeni mwake ikawekwa njia pana ya waendao kwa miguu.

Wahandisi hupima nguvu ya mawimbi na mkondo wa maji ya mvua, na ni wajibu wao. Lakini mji una vipimo vyake vingine. Cha kwanza ni baraza: je, ukuta una kimo cha kumkalisha mzee? Cha pili ni kivuli, na hapa mwalimu ni Mtini wa Mizingani, uliopandwa mwaka 1911, ambao umewafaa mafundi wa mashua bila kumtoza mtu. Cha tatu ni nafasi ya mpanda baiskeli, chombo cha mvuvi na mwanafunzi, asije akabanwa baina ya gari na bahari.

Watu wa Unguja husema wanakwenda kupunga upepo. Kazi hiyo haina tiketi. Jioni, moshi wa mishikaki unapopanda na vijana wanapochupa majini, nitazame ni nani aliyekaa bila kununua kitu. Akisumbuliwa ainuke, basi forodha imerudi kwa mlango mwingine. Akiachwa na upepo wake hadi adhana ya Magharibi, pwani itakuwa imelipa sehemu ndogo ya deni lake.