Namna ya kufunika visanduku batili katika data ya setilaiti

KWA kompyuta, picha ya setilaiti ni jedwali la namba. Ardhi hugawanywa katika visanduku vya ukubwa sawa, na kila kisanduku hupewa thamani yake. Mpangilio huo huitwa rasta.

Usahihi wa namba hizo si jambo dogo. Mnamo Januari 2010, bima ya mifugo ilianzishwa katika eneo la Marsabit, kaskazini mwa Kenya, ambapo fidia ilitegemea kiwango cha uoto kilichopimwa kutoka angani, wala si hesabu ya mizoga. Namba potovu yaweza kumnyima mfugaji haki yake, au kumlipa asiyestahili.

Mfano mwafaka ni data ya uoto ya chombo cha MODIS kilichomo katika setilaiti ya Terra, iliyorushwa Desemba 1999. Thamani halali ni kuanzia -2000 hadi 10000, nazo huzidishwa kwa 0.0001. Kisanduku kisicho na kipimo hutiwa -3000, ambayo ni alama tu.

Tuseme visanduku vinne vina 6000, 5000, 4000 na -3000. Programu isiyoitambua alama hiyo itatoa wastani wa 3000, yaani 0.30. Anayeigeuza alama kuwa sufuri atapata 0.375, naye pia amekosea kwa kuwa sufuri ni thamani halali. Wastani sahihi ni wa visanduku vitatu pekee, yaani 0.50.

Suluhisho ni kufunika: kisanduku husalia mahali pake bali hakihesabiwi. Katika lugha ya Python, kwa kutumia maktaba ya NumPy, huandikwa hivi:

malisho = numpy.ma.masked_equal(uoto, -3000)

Mawingu ni hila zaidi, kwani kisanduku chenye wingu huwa na namba inayoonekana halali ingawa iko chini ya hali halisi. Malisho ya kijani yataonekana yamekauka. Hivyo basi, data hiyo huambatana na tabaka la ubora, ambamo 0 humaanisha kipimo kizuri na 3 humaanisha mawingu. Hatua ya pili huwa:

malisho = numpy.ma.masked_where(ubora == 3, malisho)

Lililo muhimu ni kwamba kisanduku hufunikwa kwa sababu inayojulikana, si kwa kuwa namba yake ni ndogo. Anayefunika kila thamani ya chini ili kuondoa mawingu huufuta pia ukame wenyewe, na ramani yake itaonyesha neema mahali penye njaa.

Aidha, ni vyema idadi ya visanduku vilivyosalia itajwe kando ya wastani. Amri ya malisho.count() huitoa mara moja. Wastani uliotokana na visanduku vitatu kati ya mia moja hauna uzito wa ule uliotokana na tisini.