WATU WAKIZIDI, TUFUNGE MLANGO?
Historia fupi ya mikutano ya wanawake duniani, na somo lake kwetu

Miaka kumi si haba. Wenye kumbukumbu watakumbuka mkutano mkuu wetu wa kwanza. Tulikaa barazani kwa mwenyekiti, kila mtu akasema lake, chai ikatosha, na mwenye mtoto akapata pa kumlaza. Wa mwaka jana mnaujua wenyewe. Viti vya kuazima havikutosha, akina mama wengine walisikilizia dirishani, na hesabu za mwaka zikapitishwa kwa makofi ilhali waliokaa nyuma hawakusikia hata shilingi moja ikisomwa. Ndipo yakazuka yale mapendekezo mawili tutakayoyapigia kura baada ya sherehe hii: ama tufunge daftari tusipokee mtu mpya, ama mkutano mkuu uwe wa wawakilishi tu.

Kamati iliniomba niandike historia. Ya kikundi chetu mtaisoma kwenye kurasa nyingine. Mimi nimechagua ya wenzetu waliokutwa na tatizo hili hili kabla yetu, tena kwa ukubwa ambao sisi hatujauota.

Mwaka 1975 ulitangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Wanawake, na mkutano wa kwanza wa dunia ukafanyika Mexico City, nchini Meksiko. Serikali 133 zilituma wajumbe. Lakini wapo wanawake wasiotumwa na serikali yoyote, nao wakafanya baraza lao pembeni, kiasi cha watu 6,000. Wajumbe rasmi walikuwa huku, baraza kule, na kati yao mwendo wa kilomita kadhaa. Waliotumwa na wasiotumwa hawakukaa pamoja.

Kwenye baraza hilo alikuwepo Domitila Barrios de Chungara, mke wa mchimba madini kutoka Bolivia. Alisikiliza, akaona yanayozungumzwa hayagusi mshahara wa mgodini wala chakula cha watoto wa wachimbaji. Basi alikishika kipaza sauti akasema ya kwao, wengine wapende wasipende. Tuliweke hilo akilini, maana kwenye umati mkubwa mnyonge hapewi nafasi ya kusema mpaka aidai.

Hata hivyo, katika umati ule ule wanawake wachache walikaa kando wakazungumzia jambo moja tu, nalo ni fedha. Walijiuliza kwa nini mwanamke mwenye biashara ndogo hakopesheki. Miongoni mwao alikuwa Esther Ocloo wa Ghana, ambaye alianza biashara yake kwa kupika jemu ya machungwa na kuiuza, na Ela Bhatt wa India, ambaye mwaka 1974 wanawake wa chama chake walikuwa wamekwisha kufungua benki yao wenyewe. Mazungumzo hayo yalizaa shirika la Women's World Banking, lililoundwa mwaka 1979. Jamani, sisi tunaoweka na kukopa ni ndugu wa mazungumzo yale. Umati ndio uliowakutanisha, na kazi ikafanyika kwenye kikao kidogo.

Mwaka 1980 walikutana Copenhagen, nchini Denmark. Safari hii baraza la pembeni lilipata watu wapatao 8,000. Vyumba vilikuwa vidogo, watu wakabanana, na ugomvi wa siasa za dunia, hasa suala la Palestina, ukaingia mpaka kwenye vikao vya mambo mengine. Watu wakizidi na ugomvi huzidi, na ukikosa mahali pake hukaa kila mahali.

Kisha ikaja zamu ya Afrika Mashariki. Julai 1985 wajumbe wa serikali 157 walikutana Nairobi katika jumba la mikutano la Kenyatta, chini ya uenyekiti wa Mama Margaret Kenyatta. Jukwaa la wasiotumwa na serikali lilikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, likiongozwa na Nita Barrow wa Barbados, na watu walipita 12,000. Hoteli zilielemewa. Wanawake wa jukwaa waliambiwa wawapishe wajumbe rasmi vyumba, wakagoma kutoka, na mwishowe ikabidi watu wagawane vyumba. Wengine walilala kwenye mabweni ya wanafunzi. Wanawake wa vijijini nchini Kenya nao walikuja, wakakaa na wageni kutoka kila bara.

Pamoja na msongamano huo, Nairobi inakumbukwa kwa mema. Siri yake ilikuwa mpango. Kwanza, hawakujazana ukumbi mmoja, bali waligawanyika katika warsha ndogo ndogo zaidi ya 1,000, mtu akaenda kwenye lake. Pili, gazeti la jukwaa lilitoka kila siku, kwa hiyo aliyekosa kikao alijua kilichosemwa. Tatu, ugomvi ulipewa mahali pake. Kwenye uwanja wa chuo lilisimamishwa Hema la Amani, na humo wanawake wa nchi zilizokuwa zikihasimiana walikaa wakasemezana uso kwa uso.

Miaka kumi baadaye, Septemba 1995, ikawa Beijing, nchini China. Katibu Mkuu wa mkutano alikuwa Mtanzania, Mama Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe. Serikali 189 ziliwakilishwa, na jukwaa la pembeni lilipata watu wapatao 30,000. Hapo mahali ndipo palipoleta shida. Zikiwa zimebaki miezi michache tu, wenyeji waliliondoa jukwaa mjini wakalipeleka Huairou, yapata kilomita 50 kutoka Beijing. Mvua ilinyesha, mahema yakalowa, watu wakakanyaga matope. Wanawake walemavu walishindwa kufika kwenye baadhi ya vikao, wakaandamana kudai haki yao. Hata siku aliyohutubia Hillary Clinton, ukumbi ulijaa na wengi wakabaki nje mvuani. Wanawake hawakukosa moyo, ila mahali walichaguliwa na wengine, tena dakika za mwisho.

Baada ya hapo, hadi Beijing ilipotimiza miaka 30 mwaka 2025, mkutano wa tano wa aina ile ulikuwa haujaitishwa. Vikao vya kukumbuka Beijing vimekuwa vikifanyika New York, na mama wa kijijini si rahisi afike huko.

Sasa turudi nyumbani. Mimi ni mmoja wa waliounga mkono daftari lifungwe. Nakiri nilikuwa nimechoka na kelele za mwaka jana. Nilipoifuatilia historia hii nimebadili mawazo. Wanawake 30,000 hawakuharibiwa na wingi wao. Waliumizwa na mahali pabaya na mpango wa kuchelewa. Na hilo la wawakilishi tu lina hatari yake: tutakuwa tumejenga Mexico City yetu wenyewe, wakubwa huku na wadogo kule, halafu tushangae Domitila wetu akija kukinyang'anya kipaza sauti.

Nashauri hivi. Makundi yetu ya watano watano tunayo tayari. Hesabu zisomwe huko wiki moja kabla, kila mtu aulize kwa nafasi yake, kisha mkutano mkuu uwe wa kuamua. Mahali patafutwe mapema, na wakaguzi wawe bibi mwenye mkongojo na mama mwenye mtoto mgongoni. Wakipita hao, sote tutapita. Mwenye malalamiko ya mkopo awekewe siku yake na wazee wa kikundi, asingoje mkutano mkuu.

Haba na haba hujaza kibaba, nasi tumejaza. Kibaba kikijaa hutafutwa pishi, hakuna anayemwaga nafaka. Tukapige kura tukiyakumbuka hayo. Kikundi chetu kidumu!