Pangani: Nani Alibeba Mawe?

Wazungu wana Venice yao ya kuililia. Sisi wa milimani Dindira, kama ni kupenda mji mkongwe, basi upo mmoja kwenye mlango wa mto uleule unaopita Korogwe: Pangani. Milango ya nakshi, baraza za mawe, chokaa inayobanduka na kuacha matumbawe wazi. Unavutia, hakuna ubishi. Hata uchakavu wake una heshima, jamani!

Lakini jengo nalo ni matini, wahakiki wenzangu. Fedha ya nyumba zile ilitokana na pembe za ndovu, watumwa, na mashamba ya miwa kandokando ya mto. Na watumwa walitoka wapi? Wengine si mbali. Njaa ya miaka ya 1830 iliwateremsha Wazigua pwani, wakauzwa. Wapo wazao wao waliokulia kingo za mto Juba, Somalia, na Kizigua chao hawakukiacha. Sasa Mzigua wa Handeni akilisifu lile dirisha, anasifu nini hasa?

Jonathon Glassman, katika Feasts and Riot (1995), anaonyesha kuwa ghasia za 1888 dhidi ya kampuni ya Wajerumani hazikuwa za matajiri peke yao. Watumwa na watu wa bara nao walidai nafasi mjini. Abushiri alinyongwa papo hapo Pangani, Desemba 1889. Hemedi el-Buhriy akavitungia utenzi vita hivyo. Utenzi tunauhakiki, kuta tunazipiga picha tu. Mji bado naupenda, ila siku hizi nauliza kwanza nani alibeba mawe.