Kanyangi: upotevu wa miti na mabadiliko ya tabianchi

Kanyangi ni wadi ya eneo bunge la Kitui Rural, Ukambani, Kenya, upande wa mto Athi unaoitenga kaunti ya Kitui na Makueni. Nchi ni kame. Uoto wake ni vichaka vya migunga, mikau na mibuyu, si msitu mnene, ndiyo maana kupungua kwake hakujavuta macho kama kule kwa msitu wa Mau.

Ukame na mkaa

Mti ukichomwa, kaboni iliyomo hurudi angani. Duniani, ukataji wa misitu na mabadiliko mengine ya matumizi ya ardhi huchangia takriban sehemu moja ya kumi ya hewa ukaa inayotokana na binadamu. Mchango wa Ukambani humo ni mdogo mno. Hapa uhusiano huonekana zaidi kwa upande wa pili: ukame ndio unaomsukuma mkulima kushika shoka. Mvua za Oktoba hadi Desemba, zinazotegemewa kuliko za Machi hadi Mei, zikikosekana, ndengu na kunde hunyauka, mbuzi huuzwa kwa bei ya kutupa, kisha huja zamu ya mkaa. Ukame wa 2020 hadi 2022 ulikausha misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa ya Kenya kame.

Magogo hupangwa, hufunikwa kwa nyasi na udongo, huwashwa na kuachwa yafuke kwa siku kadhaa. Mchomaji hukesha akiziba nyufa, kwani hewa ikipenya kuni hugeuka jivu. Tanuri hili hufuja kuni: kilo moja ya mkaa huweza kula kilo 5 hadi 10 za kuni. Mwaka 2018 serikali ya kaunti, chini ya gavana Charity Ngilu, ilipiga marufuku kusafirisha mkaa nje ya Kitui. Februari mwaka huo lori la mkaa liliteketezwa Kitui, na serikali kuu ikasimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma hadi 2023.

Maji

Ardhi ikibaki wazi, mvua huporomosha udongo hadi mitoni. Tope laini likijaa katika mabwawa ya mchanga, yaani kuta za mitoni zinazokusanya mchanga ili uhifadhi maji, ambayo Kitui inasifika kwayo, maji yanayohifadhika hupungua.

Upandaji

Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, ina kituo Kitui kinachoboresha mbegu za mukau, mti wa mbao usioliwa na mchwa.