Daftari la ubatizo

Daftari la ubatizo ni kitabu cha parokia chenye jina la mbatizwa, wazazi, msimamizi, padri na tarehe. Mtaguso wa Trento uliagiza mwaka 1563 kila parokia ya Kikatoliki iwe nalo. Uingereza ilitangulia mwaka 1538, kwa amri ya Thomas Cromwell, waziri wa mfalme. Kwa anayetafuta ukoo wake, hazina kubwa imo pembeni mwa ukurasa. Hapo huongezwa kipaimara na ndoa, hata iliyofungwa parokia nyingine, na mtafutaji akajua aende wapi tena. Maandishi ya zamani mara nyingi ni ya Kilatini: Joannes ndiye Yohana. Daftari hubeba historia pia: katika misheni ya Bagamoyo, Tanzania, iliyoanzishwa 1868, wengi waliobatizwa mwanzoni walikuwa watoto waliokombolewa utumwani.