Mtungi Uliohama Mgongoni

Leo tutasoma habari za wazamiaji wachukuao hewa yao ndani ya mtungi. Mtungi huu si wa maji ya kunywa. Ni wa chuma, nao hushindiliwa hewa nyingi.

Mwaka 1943, huko Ufaransa, Jacques Cousteau na Émile Gagnan walitengeneza chombo kinachompa mzamiaji hewa kila avutapo pumzi. Mtungi ulifungwa mgongoni. Baharini haukuwa na taabu, maana bahari ni pana. Lakini Uingereza wako watu wapendao kuingia mapangoni (wanatafuta nini, wanajua wenyewe), na humo zimo njia nyembamba zilizojaa maji. Mwenye mtungi mgongoni hukwama. Basi katika miaka ya 1960 wakaushusha, wakaufunga ubavuni kwenye mkanda wa kiuno, wakapita.

Miaka ya 1970 wazamiaji wa Florida, Marekani, waliifuata desturi hiyo. Mapango ya kwao yana maji mwendo mrefu, na mtu huogelea tu. Kwa hiyo waliupandisha mtungi hadi kwapani, ulale sambamba na mwili.

Siku hizi mitungi ni miwili, mmoja kila ubavu. Shingo hushikwa na kamba ya mpira chini ya kwapa. Kitako hufungwa kwa kulabu nyuma ya kiuno. Kila mtungi una koki yake, mpira wake wa kupumulia, na saa yake ya kupimia hewa. Koki ikivuja, mzamiaji huiona na kuifunga kwa mkono wake. Ya mgongoni angeipapasa tu.

Lakini mitungi hii haikuunganishwa. Hapo ndipo penye hatari. Chukueni kalamu tufanye hesabu.

Kila saa inasoma 210. Sheria ya mapangoni ni theluthi: moja ya kuingilia, moja ya kutokea, moja ya dharura. Theluthi ya 210 ni 70. Kwenda kunataka 70 kutoka kila mtungi, yaani 140, na kurudi vivyo hivyo.

Mtu wa kwanza amevuta kulia tu. Kulia zimebaki 70, kushoto 210. Mtungi wa kushoto ukiharibika, ana 70, na safari inataka 140. Hatoki.

Wa pili amekuwa akibadili, huku kidogo, kule kidogo. Kila upande una 140. Mmoja ukiharibika, uliobaki unamfikisha nje.

Kwa hiyo saa zote mbili zikisoma 140, yeye hugeuka, hata kama pango linaendelea mbele.